Shangazi, naambiwa nijikaze niweke kiwanja rehani ili biashara ikue, kwani mi ni mwoga?

Asalaam aleikum shangazi,

Natumai uko salama. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Arua hapa upande wa Oli, kazi yangu ni fundi cherehani, nilifundishwa na marehemu mama yangu. Nina cherehani mbili za miguu na binti mmoja wa kunisaidia, tunashonea kwenye baraza ya duka la mtu na tunalipa kodi kila mwezi. Nashona magauni ya gomesi, vitenge, narekebisha suruali za mitumba, ila kinacholisha nyumba haswa ni sare za shule, shule zikikaribia kufungua silali.

Sasa shangazi mambo yamebadilika. Kuna mfanyabiashara analeta sare zimeshashonwa tayari kutoka Kampala, anashusha mafurushi kwa basi la usiku, anauza seti moja elfu 30 na mimi nauza elfu 38. Wazazi wanapita kwangu wanauliza bei wanaguna wanaenda kwake. Sijui nimfanye nini, nikishusha bei nabaki bila kitu.

Wakati huohuo nimepata bahati, au mtihani, sijui niite nini. Hedimasta wa shule moja ya praiveti hapa aliona kazi yangu kwa mtoto wa jirani, akaniita, akaniambia anataka seti 300 za msingi ziwe tayari muhula wa pili ukifungua mwisho wa Mei, bei elfu 32 kwa seti. Nikafurahi mpaka nikakosa usingizi. Ila hana advansi, anasema shule itanilipa wazazi wakimaliza karo. Nikamuuliza lini, akasema "fundi, we shona, pesa ya shule haipotei."

Nimepiga hesabu, kitambaa, uzi, vifungo na zipu vinakula kama 17,500 kwa seti, na huyu binti namlipa 4,500 kwa seti. Mimi na yeye tukikaza tunatoa seti sita kwa siku. Pesa yangu yote ni milioni moja na laki sita, iko kwenye kikundi chetu cha akina mama cha akiba.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndo amenishikilia. Anasema biashara ni moyo, matajiri wote walianza kwa kujilipua, kwamba mi nafikiri kimaskini. Ana rafiki yake anakopesha, atanipa milioni tisa kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi, niweke agrimenti ya kiwanja tunachokaa, ninunue cherehani za umeme na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, na kitambaa chote mara moja. Mume wangu yuko Juba kwenye ujenzi, shemeji anasema nisimsumbue, atashtukia tu mambo yamekuwa mazuri. Alafu kila siku ananitumia zile sauti za WhatsApp za wahubiri wa biashara, simba hali nyasi, sijui choma daraja ulilovukia.

Shangazi hedimasta anataka jibu wiki ijayo. Nikikataa roho itaniuma maisha yangu yote. Nikikubali naogopa. Kwani mi ni mwoga kweli?

Fundi wa Oli, Arua

JIBU

Waaleikum salaam binti yangu,

We si mwoga. Mtu aliyekaa akahesabu vifungo na zipu mpaka akajua seti inakula 17,500 huyo hana shida ya uoga, wengi wanaoitwa mabosi hapa Uganda hawajui hata bidhaa yao inawagharimu ngapi. Ila hesabu umeishia njiani, ngoja nikumalizie alafu utaona mwenyewe nani anaota kati yako na shemeji.

Seti 300 kwa elfu 32 ni milioni tisa na laki sita. Toa 22,000 kwa kila seti, yaani vifaa na mkono wa binti, ni milioni sita na laki sita. Inabaki milioni tatu, na hapo kodi ya baraza na chakula chako sijagusa. Sasa njoo kwenye mkopo. Milioni tisa kwa asilimia kumi ni laki tisa kila mwezi, riba tu, deni lenyewe limekaa palepale linakuangalia. Ukichukua pesa mwezi huu wa tatu ununue kitambaa, ukapeleka sare mwisho wa Mei, wazazi wa praiveti tunawajua, karo wanalipa vipande vipande mpaka muhula unafungwa Agosti, hiyo ni miezi mitano, milioni nne na nusu ya riba. Faida milioni tatu, riba milioni nne na nusu. Yaani utashona usiku na mchana, macho yatauma, mgongo utauma, na mwisho utakuwa umemlipa rafiki wa shemeji milioni moja na nusu kutoka mfukoni mwako kwa heshima ya kumfanyia kazi. Na hapo nimechukulia hedimasta amelipa zote na kwa wakati.

Cherehani utabaki nazo, sawa, lakini cherehani ya umeme haikuletei mteja, na nyumba itakuwa mikononi mwa mtu.

Kuhusu hiyo nyumba nikwambie na sheria kidogo maana naona shemeji anakuzungusha. Sheria ya Ardhi ya 1998, na marekebisho yake ya 2004, inasema ardhi ya familia, pale mnapolala na kupata riziki yenu, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenzako wa ndoa kukubali. Kwa hiyo hilo la "usimsumbue mume" si ushauri wa biashara, ni kukuingiza kwenye kesi. Na huyo mkopeshaji mwambie akuonyeshe leseni, tangu sheria ya 2016 wakopeshaji binafsi lazima wawe na leseni na wanasimamiwa na UMRA, mamlaka ya serikali ya wakopeshaji wadogo, akianza kukwambia mambo ya "sisi tunaaminiana tu" shika mkoba wako uondoke. Na shemeji, kwa heshima zote, muulize rafiki yake anampa ngapi kwa kila mteja anayempelekea. Sisemi anapewa, nasema muulize na umwangalie usoni.

Sasa hao wahubiri wa WhatsApp. Mi sina ugomvi na moyo wa simba, lakini hao wanaokwambia uchome daraja wao kiingilio wameshachukua mlangoni, ukianguka hawarudishi. Ujasiri upo na unahitajika sana, tena we unauhitaji wiki hii kuliko wiki nyingine yoyote, ila shemeji amekuonyesha pa kuupeleka sipo. Anataka uwe jasiri kwa mkopeshaji, mi nataka uwe jasiri mbele ya hedimasta. Kwenda kumwambia mtu mzima mwenye tai kwamba "mwalimu, kazi naitaka ila kwa masharti haya si hayo" ni jambo linatetemesha magoti, najua, lakini akikataa umepoteza nini? Nauli ya boda. Ya shemeji ikikataa umepoteza pa kulala.

Kwa hiyo nenda, na usiende kuomba, nenda na mpango tayari. Mwambie hivi: shule isinunue sare, shule iwaambie wazazi fundi rasmi ni fulani. Wakati huu muhula wa kwanza bado unaendelea, kuna siku ya wazazi kutembelea, kuna siku ya kuchukua ripoti, uombe meza moja kwenye kompaundi, ukae na futi kamba na daftari, kila mtoto umpime hapohapo, mzazi alipe nusu siku ya kupimwa na nusu siku ya kuchukua, kwa pesa ya simu au taslimu na umwandikie risiti. Elfu 16 ya mwanzo inakaribia kulipa vifaa vya seti nzima, umeona? Kitambaa kinanunuliwa kwa pesa ya mzazi mwenyewe, riba hakuna, na hedimasta anapumua maana hana deni la fundi la kulipa Agosti. Kwake ni nafuu kuliko vile alivyopanga mwenyewe, hilo mwonyeshe, usimwache alitafute. Na ukisimama pale na mtoto wa mtu mkononi unampima mabega, yule wa mafurushi atakupataje?

Anaweza kukuuliza kwa sauti ya chini "na mimi je?" Hii ni Uganda, tusijifanye hatujui. Jiandae nalo. Jibu la kumpa liwe ni kitu cha shule, mwambie muhula mzima kifungo kikikatika au mshono ukiachia mtoto aje unarekebisha bure. Akikataa hilo na akataka bahasha basi umejua mapema ungekuwa unamkopesha nani milioni tisa na laki sita.

Akisema hapana, lazima shule ndo inunue, usikimbie bado. Mwombe nusu kwanza. Akigoma hata hiyo, mwambie uko tayari kuanza na seti 80 tu, za darasa moja au mawili, zikilipwa ndo zinafuata nyingine. Vifaa vya seti 80 ni milioni moja na laki nne, hiyo unayo kwenye kikundi. Ikipotea utalia wiki nzima, kikundini utaona aibu, lakini watoto watalala kwao. Mi kipimo changu cha kuthubutu ndo hicho, naangalia kwanza nikipoteza yote kesho nitaamkia wapi, faida naihesabu baadaye. Na akikataa mpaka hizo 80 basi huyo hakuwa mteja binti yangu, alikuwa anatafuta mtu wa kumkopesha, mwache atafute mwingine.

Tuje kwenye nguvu kazi. Mnatoa sita kwa siku, 300 ni siku 50 za kazi bila kuugua bila msiba bila umeme kuzima pasi, na mbele yako kuna wateja wa Idi na magomesi ya harusi ambao wamekulea miaka yote, ukiwafukuza kwa ajili ya shule moja, shule ikibadilisha hedimasta utabaki na nini. Lakini huhitaji cherehani mpya hata moja. Hapo Oli kwenye baraza jirani na yako wamekaa mafundi wangapi wanapiga stori mchana kutwa, cherehani zao zimefunikwa kitambaa? Tafuta watatu wenye mkono mzuri, walipe kwa seti, ileile 4,500. Wakichangamka mtafika hata seti kumi na tano kwa siku, 300 ni siku ishirini. Ovaloki usinunue, mwenye nayo mjini umlipe kwa kipande, hata ukimpa mia tano kwa seti haikuumi.

Ila hapa sikia vizuri. Kukata ukate we mwenyewe, nguo zote, usimwachie mtu mkasi. Kola ushone ya mfano moja umpe kila fundi aiweke mbele yake, maana mzazi akitaka kujua fundi anaangalia kola. Uzi ununue we, rangi moja, usikubali mtu alete wake. Na kitambaa nunua chote siku moja, majora ya mpako mmoja, maana maruni ya wiki hii na maruni ya wiki ijayo zinaweza kutofautiana hata kama zimetoka duka moja, watoto wakisimama mstarini inaonekana mpaka barabarani. Ukinunua kwa mita Arua unalipia faida ya watu wawili watatu njiani, ungana na hao mafundi mchange nauli, mmoja ashuke Kampala na basi la usiku achukue majora kwa jumla kule Kikuubo na mitaa ya jirani. Hapo hiyo 17,500 yako inaweza kushuka na hiyo ndo inakupa nafasi kwenye bei, si kujikata mkono wako mwenyewe.

Naona nimesahau huyo bwana wa mafurushi. Unasema hujui umfanye nini, mi nasema kwanza mjue. Nenda kanunue seti yake moja, elfu 30 hiyo ihesabu kama ada ya shule. Ifike nyumbani ioshe mara mbili tatu uone kama rangi inatoka, ipige pasi, alafu ifumue. Angalia ameacha nguo kiasi gani kwenye mshono wa ubavuni na kwenye pindo la chini. Nguo za kushonwa kwa wingi mara nyingi zinabana kitambaa hapo, pindo nyembamba, mtoto akirefuka kidogo tu sketi iko juu ya magoti na mzazi ananunua nyingine. We acha pindo pana, vidole vinne, na ubavuni acha nafasi, umwambie mzazi mwakani mlete naishusha kwa elfu mbili. Mama mwenye watoto wanne atapiga hesabu mwenyewe hapohapo, elfu 38 ya miaka miwili na elfu 30 ya mwaka mmoja. Hiyo usiifiche ndani ya nguo, ining'inize barazani, seti yako na yake zikiwa zimegeuzwa nje ndani, watu waone.

Na si lazima upigane naye kila mahali. Sweta je, we unashona sweta? Hushoni. Basi ongea naye akuletee sweta na soksi kwa bei ya jumla uziuze barazani kwako, mzazi anayekuja kupima sare amalizie palepale. Na wale wanaonunua kwake zikawabana au zikawapwaya wanaenda wapi kurekebisha? Wabandikie kabisa kibao, TUNAREKEBISHA SARE, usibague imetoka wapi. Kila furushi analoshusha basi linakuletea kazi na we nauli hukulipa.

Nakumbuka habari za vijana wa Busia, wale wa miaka ya 1960 na kitu, waliona watu wanashuka upande huu wa mpaka wanatembea na mizigo kichwani mpaka kituo cha upande wa Kenya, magari hayawafikishi, wao wakachukua baiskeli zilizokuwepo nyumbani wakaweka kiti nyuma wakaanza kubeba. Hawakununua basi washindane na mabasi. Walikaa pale ambapo basi halifiki. Boda boda zote unazoona nchi hii mpaka hizo za Arua zinazopita bila breki zilianzia kule. Sare ya Kampala nayo kuna pahali haifiki, haifiki kwenye bega la mtoto mwenyewe, haifiki kwenye kifungo kilichokatika Jumatano.

Pesa ya kukua baadaye nayo ipo ya heshima kuliko hiyo. Mpango wa serikali wa Emyooga ulioanza 2019 una kundi la mafundi cherehani, nenda kwa afisa wa biashara wa hapo mjini muulize SACCO ya mafundi wa jimbo lenu inaendaje na nani anaiongoza, alafu kabla hujaingia waulize na wanachama wenyewe, maana nyingine zinaenda vizuri na nyingine viongozi wamekula. Usikimbilie, muhula mmoja uishe kwanza uone daftari lako linasema nini. Na daftari liwe la kweli, jina la mtoto, darasa, vipimo, ametoa ngapi, amebakiza ngapi. Mwakani hutapima upya, utampigia mama yake Januari kabla hajaona furushi la mtu.

Hedimasta usingoje wiki ijayo akuite, nenda Jumatatu asubuhi kabla ya asembli kuisha, na seti moja ya mfano mkononi imepigwa pasi, na karatasi moja imeandikwa masharti yako kwa mkono safi. Mtu anayekuja mapema na nguo mkononi anasikilizwa tofauti na anayeitwa. Bei usiguse mpaka amesema yeye, na akitaja elfu 32 mwambie hiyo ni kwa nusu mkononi, bila nusu ni 38. Alafu nyamaza. Usijaze kimya kwa kupunguza bei, mafundi wengi tunafanya hivyo.

Shemeji mwambie asante kwa kukujali, mkopo hutaki, usimweleze sababu nyingi maana kila sababu ana sauti ya WhatsApp ya kuijibu. Na mume wako mpigie leo usiku umwambie yote, kiwanja, milioni tisa, na rafiki wa mdogo wake, kabla shemeji hajampigia yeye.

Shangazi